Zanzidar na Ndugu Zake

Mwaka 1891 stempu za bei ndogo zilikwisha Mombasa. Mji na pwani yake vilikuwa chini ya kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 ili itawale na kufanya biashara kwa wakati mmoja, na ambayo katika yote mawili haikufua dafu. Stempu za nusu ana na za ana moja (ana ni sehemu ndogo ya rupia), zile zinazohitajika kila siku, hazikuwepo. Za ana mbili, tatu na nne zilikuwepo. Meli ya kutoka Uingereza haiji kwa kuitwa, na watu wana barua mkononi. Makarani wakachukua kalamu. Wakakata bei ya zamani, wakaandika mpya, kisha wakatia herufi za majina yao ili ijulikane kuwa badiliko hilo ni la ofisi wala si la mtaani.

"A.D." ni Andrew Dick, mhasibu mkuu wa kampuni. "A.B." ni Archibald Brown, mtunza fedha. "V.H.M." ni Victor H. Mackenzie, meneja wa benki. Dick baadaye aliiacha kampuni, akawa mfanyabiashara wa bara, na Novemba 1895 aliuawa na Wamasai katika bonde la Kedong, mara tu baada ya msafara wa wapagazi Wakikuyu na Waswahili kushambuliwa huko na watu mamia kupoteza maisha. Jina lake limo katika vitabu vya historia ya Kenya kwa sababu ya kifo hicho. Katika albamu za stempu limo kwa sababu siku fulani alikosa stempu ya nusu ana.

Mkusanyaji anayekutana na stempu ya aina hiyo leo haitazami picha, anatazama wino. Stempu ya ana mbili ya kampuni isiyoandikwa kitu si ya ajabu. Ikiandikwa na Dick ni mali. Na kwa kuwa kalamu na wino havijawahi kuwa vitu adimu duniani, walioandika "A.D." ni wengi kuliko Andrew Dick mmoja. Kipimo cha kwanza ni mpangilio wa matabaka: karani aliandika bei kabla stempu haijauzwa, na posta ikagonga muhuri baada ya kubandikwa, kwa hiyo wino wa kalamu sharti uwe chini ya wino wa muhuri. Chini ya lenzi, penye kukutana mistari hiyo miwili, mara nyingi jambo hudhihirika. Ukiona kalamu imepita juu ya muhuri, rudisha stempu kwa mwenyewe na umtakie siku njema.

Shida ya Mombasa haikuanza mwaka ule. Mei 1890 kampuni ilipoanza kutumia stempu zenye jina lake, haikuwa na stempu zake hasa. Zilichukuliwa stempu za kawaida za Uingereza zenye sura ya Malkia Victoria, zikapigwa chapa juu yake: jina la kampuni na bei mpya kwa ana, kwa kuwa fedha ya pwani ilikuwa rupia ya India. Aina zilikuwa tatu tu, nusu ana, ana moja na ana nne. Hazikumaliza hata miezi mitatu. Kuanzia mwishoni mwa Julai barua za Mombasa, na mara mojamoja za Lamu, zilibandikwa stempu za India, hadi zilipowasili mnamo Oktoba stempu za kampuni zenye jua na taji, zilizochapwa London na Bradbury Wilkinson. Stempu hizo za India hazina alama yoyote ya Mombasa isipokuwa muhuri wa posta. Ioshe, uitoe muhuri, nayo inakuwa stempu ya India kama mamilioni ya nyingine. Hapo ndipo mwanafunzi wa fani hii hujifunza kwamba muhuri si uchafu.

Serikali za kikoloni zilijitangaza kwa bendera, mizinga na mikataba, na vitabu vya shule vimetusimulia hayo. Stempu zinasimulia upande wa jikoni. Kila kosa la chapa, kila bei iliyobadilishwa kwa mkono, kila karatasi isiyo yake ni ushahidi kwamba watu waliodai kuleta utaratibu walikuwa wakibahatisha mchana kutwa. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, stempu nzuri zilizochapwa vizuri ndizo zisizo na la kusema.

Hakuna mahali ambapo jambo hili limeonekana wazi kama Mengo, nchini Uganda. Uganda ilitangazwa himaya ya Waingereza mwaka 1894. Mwaka uliofuata George Wilson, ofisa wa serikali aliyekuwa Kampala, alitaka posta ianze kufanya kazi. Barua zingebebwa na matarishi kwa miguu, hilo halikuwa tatizo. Stempu ndizo zilizokosekana. Mashine ya kuchapia haikuwepo karibu, na rupia zenyewe zilikuwa chache, watu wakinunua na kuuza kwa kauri, kombe ndogo za baharini zilizotungwa kwenye nyuzi. Wilson akamwendea mmisionari wa Church Missionary Society, Mchungaji Ernest Millar, kwa sababu Millar alikuwa na kitu ambacho serikali haikuwa nacho: taipureta.

Machi 1895 Millar alikaa mezani pake Mengo akapiga stempu za nchi nzima kwa vidole. Hebu itazame moja. Ni kipande cha karatasi nyembamba nyeupe. Juu zimo herufi mbili, U upande mmoja na G upande mwingine, kwa maana ya Uganda. Chini yake tarakimu, tuseme 20, ambayo ni bei kwa kauri. Pembeni, mistari na vitone vya taipureta vinaizunguka kama uzio. Hakuna sura ya malkia, hakuna simba wala taji, hakuna meno pembezoni, kwa maana karatasi ilikatwa kwa mkasi. Bei zilianzia kauri 5 na kupanda, 10, 15, 20, 25, 30, hadi 60, na rupia moja ilihesabiwa sawa na kauri 200. Mtu aliyeibandika kwenye barua alikuwa amebandika kazi ya mchungaji mmoja, herufi kwa herufi.

Taipureta ya kwanza ilikuwa na herufi pana, na stempu zake zilikuwa pana vilevile, kati ya milimita 20 na 26. Si kazi ndogo kujaza karatasi kwa namna hiyo, na Millar alikuwa na mahubiri ya kuandaa. Upesi akabana safu zake ili karatasi moja itoe stempu nyingi zaidi: herufi zilibaki zilezile pana, ila stempu zikawa na upana wa milimita 16 hadi 18. Kisha akapata taipureta mpya yenye herufi nyembamba, na sura ya stempu ikabadilika tena. Kabla mwaka haujaisha wino nao ukabadilika, kutoka mweusi hadi zambarau. Kwa hiyo mwenye kuzipambanua hahitaji elimu ya miujiza. Anahitaji rula, jicho, na kujua mambo matatu: upana wa stempu, upana wa herufi, rangi ya wino. Akiongeza la nne, karatasi, atakuwa amefika mbali. Karatasi ya Millar ni ya aina ambayo ukiinyanyua mbele ya mwanga unaona mistari hafifu iliyolala sambamba ndani yake.

Si Mengo peke yake. Ngogwe, katika Kyaggwe, palikuwa na misheni nyingine, na huko stempu za bei fulani zilipokwisha, za bei nyingine zilirekebishwa kwa kalamu: 50 ikageuzwa 10, 20 ikawa 15. Sehemu kubwa ya marekebisho hayo yaliandikwa na Mchungaji G. R. Blackledge aliyekuwa akifanya kazi pale. Kwa hiyo unaweza kukuta stempu moja iliyotengenezwa na wachungaji wawili, mmoja kwa taipu na mwingine kwa wino, na ofisa wa serikali hajaigusa.

Wazungu wa Ulaya waliokusanya stempu walizisikia habari hizi mapema, wakazitaka. Walioziiga nao hawakuchelewa. Mtu mwenye taipureta kuukuu na karatasi ya zamani anaweza kukutengenezea kauri 30 jioni moja, na wengi wamefanya hivyo. Ushauri wangu kwa anayeanza ni mkali: stempu ya Mengo inayouzwa peke yake, haina bahasha, haina hati ya wataalamu, usiitolee senti hata moja, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la bibi yake. Taipureta ya Millar, kama taipureta yoyote, ilikuwa na ila zake, herufi iliyokaa juu kidogo ya mstari, nyingine iliyochoka upande mmoja. Wataalamu wanazijua ila hizo kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Mwigaji anajua tu kwamba pawe na U na G.

Juni 1896 Millar alipiga toleo la mwisho lenye "V.96.R.", yaani Victoria Regina na mwaka. Novemba mwaka huohuo kazi ikahamia Usoga, kwa Chifu Luba, ambako Mchungaji F. Rowling alikuwa na mashine ndogo ya kuchapia. Mahali hapo pana historia nzito. Ndipo alipouawa Askofu James Hannington Oktoba 1885, na ndipo askari wa Kisudani walioasi walipojifungia ngomeni mwaka 1897. Katikati ya matukio hayo mawili, Rowling alipanga herufi za risasi mojamoja na kuchapa stempu za "Uganda Protectorate" zenye bei kwa ana na rupia. Kauri zikawa zimeaga. Herufi zake hazikutosha. Penye neno "POSTAGE", katika baadhi ya stempu, O ni ndogo kuliko wenzake, kama mtoto aliyesimamishwa katika mstari wa wazee. Kosa hilo limo katika katalogi hadi leo na lina bei yake.

Wakati Millar angali akipiga taipu, mambo yalikuwa yakibadilika pwani. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi kutoka kwa kampuni iliyokuwa imefilisika, na stempu za jua na taji zilizobaki Mombasa ziligongwa muhuri wa mkono wenye maneno "BRITISH EAST AFRICA". Muhuri wa mkono hupinda, hugongwa mara mbili, hugongwa ukiwa umekauka. Akiba hiyo nayo ikapungua. Uingereza ikageukia tena India: zikaagizwa stempu za India, zikapelekwa mahali pekee palipokuwa na mashine na wachapaji, nao ni Unguja, katika kiwanda cha gazeti la Zanzibar Gazette.

Unguja ilikuwa na posta ya India tangu 1868, ikafungwa, ikafunguliwa tena 1875. Ilipofika Novemba 1895 usimamizi ulitoka mikononi mwa India, na stempu za India zenye sura ya Victoria zikahitaji neno moja tu juu yake, "Zanzibar". Neno moja, herufi nane. Kiwanda cha gazeti kililipanga neno hilo mara nyingi ili karatasi nzima ipigwe chapa kwa mkupuo.

Hapa yafaa kueleza namna kazi ilivyofanywa, maana bila hiyo kosa lenyewe halieleweki. Mpanga herufi alisimama mbele ya kabati la visanduku, kila kisanduku na herufi yake. Herufi za risasi zimechongwa kinyume, ili zikibanwa kwenye karatasi zisomeke sawa. Kwa hiyo b mkononi inaonekana kama d, na d inaonekana kama b. Kazi ikiisha, herufi hurudishwa visandukuni mojamoja. Atakayerudisha d moja katika kisanduku cha b, akiwa amechoka au akizungumza na mwenzake, amekwisha kuandaa kosa la kesho. Mpangaji wa kesho hatazami, vidole vyake vinajua njia. Anachota b, kumbe ni d. Karatasi inapita, na kati ya stempu nyingi zilizoandikwa Zanzibar inatoka moja iliyoandikwa "Zanzidar".

Ndivyo ilivyozaliwa Zanzidar, mji usiokuwepo katika ramani yoyote. Ana ndugu zake: "Zanibar", iliyoachwa herufi katikati; na upande wa bara, kwenye stempu zilizopigwa chapa na kiwanda hichohicho, "Britlsh" na "Biitish". Wapangaji waliofanya kazi hiyo hawakutajwa majina popote penye stempu. Makarani wa Mombasa waliandika herufi za majina yao; hawa waliacha makosa yao tu.

Namna ya kuzitambua stempu zenye asili na zilizoghushiwa ni kutazama wino na mwandamano wa herufi. Herufi ya risasi inapobanwa huacha kingo kali na mbonyeo kidogo upande wa nyuma wa karatasi. Chapa bandia nyingi zilipigwa kwa njia nyingine, zikawa laini mno au nzito mno. Jambo la pili ni stempu yenyewe: lazima iwe ya India ya kipindi kile, yenye alama ya nyota ndani ya karatasi, inayoonekana ukiilaza stempu juu ya kigae cheusi na kuidondoshea benzini. La tatu ni nafasi. Kosa lilikuwa mahali pamoja katika mpangilio, kwa hiyo Zanzidar ya kweli ina majirani wake maalumu, na mtu aliyebahatika kuipata ikiwa bado imeshikamana na jirani yake hana sababu ya kuitenganisha.

Posta mpya ya Unguja ilihitaji stempu za heshima, na De La Rue wa London wakaagizwa kuchonga sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini, na bendera nyekundu kila upande. Kabla hazijatumika, tarehe 25 Agosti 1896 Sultani akafariki ghafla. Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 manowari za Waingereza zikaipiga kasri mizinga kwa dakika zisizofika hamsini, Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, na Hamoud bin Mohammed akakalishwa kitini. Stempu zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Zikatolewa vivyo hivyo kabla ya mwaka huo kwisha, na Wazanzibari wakatuma barua kwa sura ya marehemu katika utawala wa mwingine hadi 1899, zilipokuja za Hamoud.

Wafaransa nao walikuwa na posta yao palepale Unguja, iliyofungwa mwaka 1904. Hawa waliwashinda wote kwa ubahili wa karatasi: mwaka 1897, walipoishiwa, walichapa stempu kwenye kingo tupu za karatasi za stempu zao, zile sehemu nyeupe ambazo kwa kawaida hutupwa. Mjerumani alikuwa na posta Lamu tangu 1888 na Unguja mwaka 1890, zote mbili hazikudumu.

Ujerumani ilipoanza kazi kwa dhati bara, Dar es Salaam na Bagamoyo, mambo yalikuwa safi kupita kiasi. Stempu za Ujerumani zilipigwa chapa Berlin kwa pesa, pesa 64 kwa rupia, kuanzia 1893. Kisha mwaka 1901 zikaja zile zenye jahazi la Kaiser, Hohenzollern, sura ileile iliyotumika katika makoloni yake yote, na mwaka 1905 bei zikahamia kwenye heller, mia kwa rupia. Mwenye kuzichunguza atazame kama karatasi ina alama ndani au haina, maana matoleo ya baadaye yanayo na ya mwanzo hayana. Zaidi ya hapo hakuna la kukesha nalo. Ilihitajika vita ndipo stempu za Wajerumani zikaanza kusema.

Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia. Barua za kwanza ziliondoka bila stempu. Kisha askari wakazichukua stempu za Wajerumani walizozikuta, wakazigonga muhuri "G.R. MAFIA", yaani Mfalme George amekuwa mwenye mali. Zilipokaribia kwisha, ziligongwa hata stempu za ushuru wa bidhaa za Wajerumani, ambazo hazikuwa za posta hata kidogo, na baadaye stempu za jeshi la India. Posta ya Unguja ndiyo iliyowapelekea mihuri mipya. Stempu za Mafia ni chache, mihuri ilikuwa ya mkono, na bandia zake zinazizidi zenye asili kwa mbali.

Wajerumani waliozingirwa nao walifikia palepale alipofikia Millar. Meli haziingii, stempu zinapungua. Mwanzoni mwa 1916 mashine ya misheni ya Wuga, katika milima ya Usambara, ilichapa stempu za heller 2½, heller 7½ na rupia moja. Kabla hazijahitajika, meli ya Marie ikapenya katikati ya manowari za Waingereza ikaleta shehena, na stempu za kutosha zikiwemo. Zile za Wuga zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui. Zilifukuliwa mwaka 1921 zikapelekwa Ujerumani, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu. Stempu ya Wuga iliyo safi bila doa lolote yapaswa kukutia wasiwasi kabla ya kukutia furaha.

Wabelgiji walioingia kutoka Kongo waligonga "RUANDA" na "URUNDI" juu ya stempu za Kongo, na wakusanyaji huziita kwa jina la Jenerali Tombeur aliyeongoza majeshi yao. Waingereza waliandika "G.E.A." juu ya stempu za "East Africa and Uganda Protectorates". Hizi za G.E.A. zina somo zuri kwa mwanafunzi. Mbili zinaweza kufanana sura, rangi na chapa, zikawa aina mbili kwa sababu ya alama ya ndani ya karatasi: ya kwanza ina taji na herufi CA zilizosimama wima, ya pili, iliyoanza 1921, ina taji na herufi za mwandiko wa kuunganisha. Mwaka 1922 ikaja stempu ya twiga yenye jina Tanganyika, na chapa za kuazima zikakoma.

Mei 1935 zikaanza stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, na miongoni mwake ile ya senti 5 yenye mashua katika Ziwa Victoria. Wapo wanaoijua stempu hiyo kwa kamba. Katika sahani ya kwanza ya kuchapia kamba ya kushoto haigusi tanga. Sahani iliporekebishwa, kamba ikaligusa. Tofauti ni ya unywele mmoja, na iliyogusa ni ghali zaidi. Mtu anaweza kucheka kwamba wazee wenye akili timamu huinamia kamba ya mashua kwa lenzi, lakini fundi aliyechonga sahani ile alikuwa mbali na ziwa, na pengine mtu aliyewahi kupanda mashua alimwambia kwamba tanga lisilofungwa halisafiri.

Kipindi cha Mfalme George wa Sita ni cha kuhesabu meno. Meno hupimwa kwa idadi ya vitobo katika sentimita mbili. Baadhi ya matoleo ya 1938 yana 13¼. Tarehe 29 Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza kiwanda cha De La Rue London, kazi ikavurugika, na kuanzia 1941 zikatokea stempu zilezile zenye meno 14. Hesabu hiyo tu inatosha kuiondoa stempu katika kundi la shilingi chache na kuiweka katika kundi la kufungiwa kabatini. Vita hivyo pia vilirudisha mtindo wa Mombasa: mwaka 1941 na 1942 stempu za Afrika Kusini, moja kwa Kiingereza na jirani yake kwa Kiafrikaans, zilipigwa chapa majina ya nchi zetu tatu.

Onyo moja juu ya zile za bei kubwa mno. Kenya na Uganda ilitoa stempu hadi za pauni 100, na hakuna aliyetuma barua kwa bei hiyo. Zilibandikwa kwenye hati za mashamba na mikataba, zikakatwa kwa kalamu au kugongwa mihuri ya ofisi. Kuna watu waliozifua wino ule na kuzigonga muhuri wa posta wa uongo. Chini ya taa ya urujuanimno wino uliofuliwa huacha kivuli.

Tukija Unguja tena, mwaka 1964. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, posta ilikuwa na akiba ya stempu za masultani, nyingine zikiwa za sherehe za uhuru wa Desemba iliyopita. Serikali mpya haikungoja London. Mihuri ya mpira ilitengenezwa papo hapo, "JAMHURI 1964", na makarani wakagonga: mshazari, wima, kulala, mara nyingine juu ya uso wa Sultani na mara nyingine pembeni yake. Baadaye mwaka huohuo maneno hayohayo yalichapwa kwa mashine na Bradbury Wilkinson, walewale waliochapa jua na taji la Mombasa, yakatoka yamenyooka kama safu ya askari. Za mpira ndizo zinazotafutwa, na mpira huigwa kirahisi. Stempu za Zanzibar peke yake ziliendelea hadi mwisho wa 1967. Kuanzia Januari 1968 zilitumika zile za Kenya, Uganda na Tanzania.

Nyumba nyingi za Unguja, Mombasa, Lamu, Tanga na Bagamoyo zingali na masanduku yenye barua za babu na bibi, za biashara ya karafuu, za Muscat na Bombay, za kesi za ardhi. Wageni wenye pesa hupita wakiuliza, na mara nyingi mwenye nyumba huwakatia pembe ya bahasha yenye stempu na kuitupa iliyobaki. Usifanye hivyo. Usiioshe, usiibandue, usiikate. Stempu ikiwa peke yake ni karatasi ya kubishania. Ikiwa juu ya bahasha yake, pamoja na muhuri, tarehe, anwani na mwandiko wa aliyeituma, inaweza kujithibitisha yenyewe. Iweke mahali pakavu, iandike ilikotoka, na kabla ya kumuuzia mtu yeyote ipeleke kwa watu wa nyaraka za taifa au kwa mtaalamu asiyekuwa mnunuzi.